Iliyotafsiriwa au orijino? Tazama kwanza ni muvi gani

Mkuu, umeuliza muvi gani za karibuni zinafaa, na kama uchukue zilizotafsiriwa au orijino. Hilo la pili ndilo limenitoa mafichoni, maana naona wachangiaji wanalijibu kwa ushabiki wa Simba na Yanga.

Mimi ni mtazamaji wa kawaida tu, wa Ngamiani hapa Tanga. Jioni kibanda umiza, usiku najifungia na flashi niliyojaziwa muvi mtaani. Kwa hiyo kadhaa nimeziona kwa namna zote mbili.

John Wick 4 chukua iliyotafsiriwa, usijiulize. Inakaribia saa tatu, na Keanu Reeves humo anaongea kama anakatwa hela kwa kila neno. Dijei, yule anayetutafsiria muvi kwa sauti yake, ana nafasi ya kujimwaga. Stelingi anapandisha zile ngazi za Paris, anapigwa, anaporomoka hadi chini, anaanza upya, dijei akamwambia, "Mgosi, kwani huko juu kuna pilau?" Kibanda kizima hoi. Hayo Hollywood hawakuyaandika, na muvi imenoga zaidi kwa sababu yake. Waliokulia kwa marehemu Lufufu, dijei wa muvi wa enzi zile, wananielewa.

Oppenheimer sasa. Pale wanapojaribu bomu, Julai 1945, Christopher Nolan anakata sauti. Moto unapanda, unasikia watu wakihema tu, kishindo kinakuja baadaye, kama ilivyo kweli ukiwa mbali na mlipuko: mwanga unakufikia kabla ya sauti. Dijei wetu ule ukimya ulimshinda. "Pwaaaa! Mambo hayo!" Kishindo chenyewe kilipofika, watu walishacheka, wengine wanaagiza kahawa. Nyumbani niliiona orijino na moyo ulinienda mbio. (Ile mivutano ya kwenye vikao, lakini, ni mirefu mno. Nilisinzia, sioni haya kusema.)

Iliyoniuma zaidi ni Sinners ya Ryan Coogler, ya 2025. Mississippi, 1932, Michael B. Jordan anacheza mapacha wawili wanaofungua ukumbi wa muziki, na usiku huohuo wanyonya damu wanabisha hodi. Hawaji mapema, na kibandani watu walianza kunung'unika. Lakini kuna kijana, Sammie, anapiga gitaa na kuimba, na ghafla humo ukumbini wanatokea wachezaji ngoma wa Afrika ya zamani, mpiga gitaa la umeme, hata vijana wa hip hop ambao kwa mwaka huo hawajazaliwa. Wote wanacheza pamoja. Mtu wa Pwani hahitaji kufafanuliwa hapo. Ngoma ikikolea, wakubwa wanashuka. Nani huku hajaona pepo akipanda kichwani? Mzee mmoja nyuma yangu alishaanza kutikisa kichwa. Dijei akaufunika wimbo wote kutueleza kwamba "dogo anaota". Haoti! Na ndiyo maana wale wanyonya damu wanamtaka yeye, kwa hiyo aliyekosa hapo hakujua baadaye wanagombania nini.

Za kwetu hazina shida hiyo. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, 2021, nimeitazama majuzi. Kama ulisoma riwaya ya Adam Shafi shuleni utalalamika kwamba vingi vimeachwa, na ni kweli, ila Siti Amina kama Mwajuma anatosha kukulipa muda wako. Inakwenda taratibu, usiiweke ukiwa na usingizi. Tafuta pia Aisha ya Chande Omar, imepigwa Pangani hapo jirani. Ni nzito, inahusu ubakaji, usiangalie na watoto.

Basi ukienda kujaziwa, za ngumi na risasi omba za dijei. Zenye muziki au ukimya omba orijino, na muuzaji akuwekee faili la maandishi ya chini. Liwe na jina lilelile la faili la muvi na vikae folda moja, la sivyo luninga nyingi hazilisomi.