Kabla Hujatuma Grafu Yako Kwenye Kundi

Juzi simu yangu ililia mara saba kabla hakujakucha. Kijana mmoja wa kundi letu la kupima hewa kwa vifaa tunavyojiundia, ambaye kwa kulehemu amenipita mbali, alikuwa ametuma grafu: PM2.5 (chembe laini za hewani, zisizozidi mikromita 2.5) imepaa hadi mikrogramu 400 kwa mita ya ujazo saa 11 alfajiri. Chini yake neno moja kwa herufi kubwa: TUNAKUFA. Nikamuuliza swali moja tu, unyevunyevu ulikuwa asilimia ngapi? Kimya. Nikaona ameanza kuandika, akaacha, akaanza tena. "97, kaka."

Huyo ni wa nne mwaka huu. Vijana wanne tofauti, grafu ileile, herufi kubwa zilezile. Nawapenda jamani, na bila ninyi vifaa vyetu vingekuwa bado kwenye maboksi, lakini uvumilivu wangu nao una betri. Kwa hiyo nayaandika mara moja. Atakayerudia nitamtumia maandishi haya bila hata salamu.

Nachukulia kwamba mnajua PM1 na PM10 ni nini, mmeshaunganisha kihisi cha PMS5003 au SDS011 na ESP8266 (ubao mdogo wenye Wi-Fi), na mmeshaunguza angalau ubao mmoja. Ambaye hajaunguza asijisifu, siku yake inakuja.

1. Ukungu si moshi. Vihisi vyetu havipimi uzito. Feni inavuta hewa, leza inamulika chembe, mwanga unatawanyika, kipokezi kinausoma, halafu programu ya kiwandani inakisia uzito kana kwamba chembe zote duniani ni kavu na zinafanana. Sasa chembe za chumvi na salfeti zinapenda maji. Unyevunyevu ukivuka asilimia 80 hivi zinavimba, na kifaa kinahesabu maji kama uchafu. Ukungu wenyewe ndio kabisa, ni matone matupu. Mashine kubwa za rejea hupasha hewa joto kabla ya kuipima. Sisi tuna kiwiko cha bomba la PVC.

Najua mtaniambia, "Si kuna fomula?" Ipo. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilitengeneza ya vifaa vya kampuni ya PurpleAir: usomaji mara 0.524, toa unyevunyevu mara 0.0862, jumlisha 5.75. Haya, mtieni kijana wetu humo. 400 yake inashuka hadi 207. Bado ni uongo, umepungua tu. Na fomula ile ilipatikana kwa data za Marekani, ambako vihisi viliwekwa bega kwa bega na mashine za huko. Hewa yako haikuhudhuria. Isitoshe inadai safu ya CF=1, si ile nyingine iitwayo ATM (kihisi hutoa hesabu mbili za hewa ileile). Hilo la safu lina kidonda changu, nitalifikia.

2. Tazama kilicho chini ya kifaa. Jiko, bomba la jenereta, tundu la kiyoyozi, mahali pa kuchomea taka: kaa mbali navyo. Tuliwahi kuwa na kifaa kilichopanda kila jioni saa 1 na nusu na kushuka baada ya dakika kumi. Wiki mbili tulijadili hewa ya joto inavyoifunika ya baridi jua likizama. Tulichora hadi michoro. Mwishowe mtu akaenda kutazama: babu wa ghorofa ya chini alikuwa anavuta kiko chake dirishani baada ya chakula. Alitupokea vizuri sana, akatuuliza kama tunamwonaje kitaalamu.

Na buibui. Wanapenda chumba cha leza kuliko mnavyokipenda ninyi. Hapo PurpleAir ya nje ina nafuu, inabeba vihisi viwili ndani ya ganda moja: A na B vikitofautiana sana, kuna mtu amehamia.

3. Jueni namba yenu imetoka safu gani. Hapa naomba mkae chini.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na vifaa 22, 11 mtaa wa juu na 11 mtaa wa bonde, vyote PMS5003. Kihisi hicho hutuma fremu, yaani furushi la data, ya baiti 32: mbili za kufungulia, 0x42 na 0x4D, mbili za urefu, halafu namba tatu za CF=1, halafu namba tatu za ATM, kisha idadi ya chembe kwa kila ukubwa. Yaani PM2.5 inakuja mara mbili ndani ya fremu moja. Programu ya vifaa vya kwanza, vya mtaa wa juu, niliandika mimi, ikasoma ATM. Nilipofika kwenye vifaa vya bonde nilikuwa nimepoteza faili (msiniulize nakala rudufu ilikuwa wapi), nikachukua programu ya mtu mwingine, nikabadilisha nywila ya Wi-Fi, nikaendelea na maisha. Ile ilisoma CF=1.

Msidhani hatukujaribu. Tulijaribu kama kitabu kinavyosema: vifaa vyote 22 juu ya paa moja, wiki mbili, kabla ya kuvitundika. Zilikuwa wiki za mvua. Hewa ilicheza kati ya 8 na 20, na mistari ikalaliana utadhani ni mmoja. Nilipiga picha ile grafu. Nilimwonyesha kila aliyekubali kutazama, na wachache ambao hawakukubali.

Nisichokijua ni kwamba chini ya 30 hivi safu hizo mbili ni mapacha. Namba ni zilezile. Zinaanza kuachana hewa inapochafuka, mpaka CF=1 inakuwa mara moja na nusu ya ATM. Kumbe nilivijaribu vifaa vyangu mahali pekee ambapo kosa langu halionekani.

Mvua zikaisha, moshi ukaja. Bonde likasoma 90, juu wakasoma 60. Siku mbaya zaidi, 120 kwa 80. Nilishtuka? Hata kidogo. Nilifurahi. Bondeni inapita barabara ya malori, kwa hiyo hadithi nilikuwa nayo mfukoni kabla ya data kufika. Nikachora ramani, bonde jekundu, juu njano, nikaitwa kwenye mkutano wa wakazi, nikavaa shati la kola.

Mwishoni akasimama mama mmoja. Mwanawe ana pumu. Akauliza, kwa sauti ya chini tu, kama ingekuwa heri mtoto akakae kwa mama yake mdogo mtaa wa juu. Nikamjibu, "Mama, ningekuwa mimi ningempeleka." Sikusema "labda". Sikusema "tunaendelea kuchunguza". Wiki ile ile mtoto akahamishwa, na shule pia.

Baada ya kama mwezi kifaa kimoja cha mtaa wa juu kikafa feni. Nikapeleka kipya, chenye ile programu ya pili. Kesho yake mwenye nyumba, mzee mmoja mpole, akanipigia. "Mwanangu, tangu ulete hiki hewa yangu imechafuka." Nikacheka. Nikamweleza kwamba leza mpya ina macho mapya, ya zamani ilikuwa imechoka. Jibu zuri sana, lilitoka bila kufikiri. Mzee akasema, "Haya," ile "haya" ya mtu ambaye hakuamini ila ana adabu.

Ile "haya" haikunipa usingizi. Usiku wa tatu nikafungua jedwali, nikagawanya kifaa chake kwa cha jirani yake. 1.5. Saa iliyofuata, 1.5. Iliyofuata, 1.49. Nikagawanya bonde lote kwa juu yote, saa zile za hewa chafu. 1.5. Ndugu zangu, upepo haujui kugawa kwa usafi namna hiyo. Malori hayajui. Anayejua ni mtu aliyesoma baiti ya 6 (CF=1) hapa na ya 12 (ATM) kule.

Ningeweza kuzirudia hesabu zote vizuri kama ningekuwa nimehifadhi fremu nzima. Nilihifadhi namba moja kila dakika, iliyobaki nikaitupa ili kuokoa nafasi kwenye kadi ambayo hadi leo haijajaa hata robo.

Kabla ya kuwaambia wakazi nilikwenda kwa yule mama. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliniwekea kiti, akanisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Kwa hiyo nimrudishe?" Na hapo ndipo nilipoumia hasa, kwa sababu sikuwa na jibu. Kosa nililijua, lakini hewa ya bondeni ilikuwaje kweli bado sikuijua. Nilimwambia hivyo. Nikamwomba amuulize daktari wa mtoto, si mimi. Mimi nina vifaa vya plastiki.

Kwa hiyo: hifadhi namba zote za fremu, andika toleo la programu kwenye kila mstari wa data, na jaribio la bega kwa bega lifanyike pia hewa ikiwa chafu. Mistari mitatu tu, lakini mimi nilihitaji mwezi mzima na mtoto wa watu ili niielewe.

4. Saa. Kifaa kitunze UTC, saa moja ya dunia nzima, na daftari la matukio liandikwe kwa mtindo wa saa 24. Mmoja wetu aliwahi kuandika "saa 2 wamechoma matairi", tukamaliza kikao kizima tukibishana ni 2 ya asubuhi, 2 ya usiku au 2 ya kwenye simu. Mwenyewe alikuwa amesahau.

5. PM10 ya vihisi hivi msiitangaze. Chembe kubwa karibu havizioni, namba inakisiwa kutokana na zile ndogo. Siku ya vumbi zito mnakohoa wote, kifaa kinawaambia hewa ni nzuri.

6. Viwango vya WHO, Shirika la Afya Duniani. Kwa PM2.5, mwongozo wa 2021 unasema mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa 24, na 5 kwa wastani wa mwaka. Wastani! Mtu anayelinganisha dakika mbili za moshi wa mkaa na 15 nitamtoa kwenye kundi kwa siku moja. Saa 24.

7. Leza huzeeka. SDS011 imepangiwa saa 8000 hivi. Ikiwaka mfululizo hata mwaka haifiki, kwa hiyo ilazeni kati ya kipimo na kipimo. Mradi wa raia wa kupima hewa ulioanzia Stuttgart, Ujerumani, mwaka 2015, huu unaoitwa Sensor.Community sasa, unafanya hivyo.

Nilitaka kuongeza la nane kuhusu vihisi vya NO2 vinavyochanganya gesi hiyo na ozoni, lakini hilo lina kilio chake peke yake na leo sina nguvu.

Kijana wangu wa 97 naye hakununa, nimshukuru Mungu. Jana jioni amenitumia grafu nyingine. Safari hii mstari wa unyevunyevu umechorwa chini yake, vihisi viwili vinakubaliana, toleo la programu limeandikwa pembeni, na hakuna herufi kubwa hata moja. Unyevunyevu 52, PM2.5 ni 140, saa nzima, siku tatu mfululizo wakati uleule. "Na hii kaka?"

Nimeitazama nusu saa nikitafuta kasoro. Nimegawanya, nimekagua saa, nimemuuliza kama kuna babu dirishani. Hakuna. Kesho tunapeleka kifaa cha pili.