Timu ya wasichana kijijini: nenda kwa mama zao kwanza, mipira baadaye

Kaka, umeuliza uanzie wapi na timu ya wasichana kijijini kwenu, wale walioacha shule na wanaoelekea kuacha, na umesema jezi na mipira unayo tayari. Wengi waliokujibu wamekuelekeza kwa wafadhili. Mimi ni mwalimu wa michezo kwenye sekondari ya kata huku Mkuranga, na timu ya wasichana nimeilea miaka mingi. Ushauri wangu: mipira iache ndani kwanza, nenda kaongee na mama zao.

Baba akikataa, hukataa kwa maneno. Atasema mpira ni uhuni, atasema kaptula. Hayo yana majibu: binti avae suruali na hijabu yake, FIFA imeruhusu tangu 2014 na hakuna refa atakayemtoa uwanjani. Ukiona bado kuzito, anza na netiboli, wazazi wengi wameicheza wenyewe shuleni. Mama ndiye anayejua saa kumi jioni nani anateka maji, nani anabaki na mtoto, nani anakaanga mihogo ya kuuza. Ukimchukua binti saa hiyo bila kuelewana naye, umemtwisha mama kazi, na wiki ya pili binti humwoni. Sisi tunaanza kengele ya mwisho ikilia, saa kumi na moja kila mtu yuko njiani kurudi, jua bado lipo. Mwenye mdogo wake anakuja naye, na wachezaji wanapeana zamu ya kukaa na watoto chini ya mwembe. Siku ya maji kutoka bombani hakuna mazoezi.

Kwa huku Pwani kuna jambo jingine. Binti akivunja ungo anawekwa ndani, na likizo za Juni na Desemba ndiyo misimu ya kucheza wali, yaani ngoma za kuwatoa mabinti hao. Akitolewa, wapo wanaomwona amekuwa mwanamke wa kuolewa hata kama yuko darasa la saba. Watu wa miradi huja kuwakemea makungwi, wanawake wanaowafunda wali, wakapiga picha, wakaondoka. Mimi niliwafuata kwa heshima kama mtoto wao, nikakaa mkekani nikasikiliza, kisha nikaomba mambo mawili: ngoma iishe kabla shule haijafunguliwa, na somo wa binti, yaani mwanamke aliyemsimamia unyagoni, awe anakuja uwanjani. Leo kungwi mmoja ndiye matroni wetu. Taulo za kike anatunza yeye, na wasichana humweleza mambo ambayo mimi mwalimu wao siambiwi. Mara mbili ametuwahisha habari ya posa ambayo shuleni hatukuwa na fununu nayo, tukaenda na mtendaji wa kijiji kuzungumza na familia mapema. Sheria ya Elimu tangu 2016 inamfunga miaka 30 anayemuoa mwanafunzi, na mtendaji anaijua. Lakini ukianza na kifungo, familia inakufungia mlango. Tunaanza na mazungumzo.

Upande wa masomo: kabla ya mpira tunasoma pamoja, wa kidato cha nne wanawaelekeza wa kidato cha pili hisabati. Utashauriwa kwamba aliyefeli asicheze. Napinga kwa nguvu zangu zote. Aliyefeli ndiye anayekaribia kutoka, na uwanja ndio uzi wa mwisho unaomshika. Mdai mahudhurio, mdai daftari, alama usizifanye tiketi ya kuingia uwanjani.

Na waliojifungua wasisahaulike. Tangu Novemba 2021 serikali imewaruhusu kurudi kwenye shule za kawaida, na ada ilishafutwa 2016. Kinachowazuia ni sare, nani abaki na mtoto, na macho ya watu. Tuna binti aliyekuwa anakuja Jumamosi tu kucheza, mtoto mgongoni kwa bibi yake. Akazoeana na wenzake, na Januari iliyofuata akaingia darasani akiwa na watu wanaomjua. Amemaliza kidato cha nne.

Sasa suala la usalama, na hapa sitakulegezea kwa kuwa wewe ni mwanamume. Hakuna mazoezi bila mwanamke mtu mzima kuwepo. Hakuna ujumbe wa simu usiku kwa mchezaji. Hakuna safari ya kulala nje bila matroni na kibali cha mzazi kwa maandishi. Akija mtu anasema atampeleka binti timu ya Dar, apitie kwa mzazi, mkuu wa shule na ofisa michezo wa wilaya. Akikataa kupita huko, mfukuze.

Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana, walipoifunga Ufaransa 2-1 kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule India mwaka 2022, wakafika robo fainali, hata vijiweni huku wazee walianza kuniuliza mabinti wanafanya mazoezi lini. Tumia habari hizo, na ya mchezaji wetu Aisha Masaka aliyefika Sweden kisha Brighton ya Uingereza. Ila mwambie mzazi ukweli kwamba wengi hawatafika huko. Ndiyo maana nawapenda Moving the Goalposts, shirika la soka la wasichana la Kilifi, Kenya, walioanza 2001: wasichana wenyewe ndio makocha, marefa na watoa huduma ya kwanza. Nimeiga. Bonanza letu wanaliendesha wao, kuanzia ratiba hadi hesabu za pesa. Binti aliyepuliza filimbi mbele ya kijiji kizima akasimamia uamuzi wake, hata posa anaweza kuikataa kwa mdomo wake mwenyewe.

Kiwanja: andika barua kwa mtendaji wa kijiji uombe siku mbili maalumu kwa wiki, nakala kwa ofisa michezo, na ibandikwe ubaoni ofisini. Bila karatasi hiyo timu ya wavulana itawatoa kila jioni. Ukikwama kuiandika niambie, nitakutumia ya kwetu ubadilishe majina.