Ndama wa chupa: nimfungie ama nimtoe nje?

SWALI: Habari za kazi mwalimu. Niko huku Ruai, Nairobi, nina ndama wawili wa frizian, mmoja ana wiki tatu mwingine tano, nawalea na chupa. Wanalala kwa kastoo ka mabati nyuma ya nyumba, chini ni simiti, na nimeziba kila shimo na magunia juu hii baridi ya Julai imezidi. Sasa huyu mdogo ameanza kukohoa. Jirani anasema nisithubutu kuwatoa nje mpaka wafike miezi mitatu. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana mama. Huyo anayekohoa aonwe na daktari wa mifugo leo leo, hasa kama anapumua mbio ama amekataa chupa, nimonia haingoji.

Halafu kesho asubuhi kabla hujafungua mlango sana, ingia ndani upige magoti hapo ndama analala, ukae dakika moja hivi. Ukiinuka na magoti yamelowa basi na ndama analala amelowa. Na kama macho yanakuwasha na harufu ya mkojo, hiyo ndiyo hewa anavuta usiku kucha. Mimi nilipoteza ndama jike hivyo hivyo, nilimfungia kabisa nikidhani namkinga baridi, na mpaka leo nikiisikia hiyo harufu kwa boma la mtu roho inaniuma.

Baridi ya Nairobi ndama mkavu aliyeshiba anaiweza. Kinachommaliza ni unyevu, hewa chafu na upepo wa kumpiga mwilini. Kwa hivyo toa magunia ya juu karibu na paa, ya chini yaache. Muinulie sakafu ya mbao yenye nafasi mkojo upite, ama mwaga maranda makavu mengi mpaka akilala miguu izame, na uyabadilishe yakilowa. Kila mmoja apate chumba chake, kama mita 1.2 kwa 1.5, lakini waonane. Wakiwa pamoja, chupa ikiisha hamu ya kunyonya inabaki, wanaanza kunyonyana masikio na vitovu.

Nje watoe mama, huyu mdogo daktari akishakubali. Umande ukikauka, saa nne mpaka saa tisa hivi, kwa kauwanja kakavu kenye kivuli na maji safi, mvua ikianza warudi. Usiwapeleke tu pale ng'ombe wakubwa wanalisha, huko kuna minyoo na kupe, na kupe ndio wanaleta ugonjwa wa ndigana. Nyasi peke yake haziwatoshi bado, waekee pelet za ndama, kile chakula cha vidonge, kidogo kidogo.

Na uangalie huyo mdogo anakohoa saa ngapi. Akikohoa wakati wa chupa tu, pindua chupa uangalie chuchu, maziwa yanafaa kudondoka tone kwa tone, yakitiririka tundu limepanuka na huenda yanamwingia mapafuni. Nunua chuchu mpya, na umnyonyeshe akiwa amesimama, shingo imeinuka kidogo vile angefikia kiwele cha mamake.