Kukopa dola ili kisiwa kiache kutegemea utalii

Swali: Serikali ya kisiwa chetu inataka kuuza hatifungani ya dola (hati ya kukopa kwa wawekezaji) ya miaka mitano ili ijenge bandari ya uvuvi na kiwanda cha samaki, tusiishi kwa utalii peke yake. Tunaambiwa deni ni asilimia 55 tu ya pato la taifa. Tuondoe wasiwasi?

Jibu: Hapana, bado. Asilimia hiyo inapima deni dhidi ya pato lote, na ndani ya pato hilo wamo kinyozi na seremala ambao hawaingizi hata dola moja. Anayewadai anataka dola. Kwa hiyo uliza: kati ya fedha za kigeni zinazoingia kwa mwaka, kiasi gani kinaondoka kulipa madeni? Uliza pia kama kwenye hiyo 55 yamo madeni ya mashirika ya umma yaliyodhaminiwa na serikali. Mara nyingi hayamo.

Lakini kinachonitisha zaidi ni hiyo miaka mitano. Bandari haijengwi kwa mwaka mmoja, na kiwanda kikikamilika bado kinatafuta wanunuzi na vibali vya usafi vya nchi zao. Hatifungani inaiva, fedha zote zinadaiwa kwa mkupuo, na mradi ndio kwanza unasimama. Hapo serikali hukopa upya kulipa deni la zamani, kwa riba yoyote itakayokuwa sokoni siku hiyo.

Shelisheli iliyapitia haya. Mwaka 2006 iliuza hatifungani ya dola milioni 200 ya kuiva 2011, kisha ikaiongeza hadi milioni 230. Mafuta na chakula vilipopanda bei duniani mwaka 2008, akiba ya fedha za kigeni ikakauka, na Oktoba ikashindwa kulipa riba. Ikaingia kwenye mpango wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), rupia yake ikaachwa ielee, yaani bei yake ipangwe na soko, ikashuka thamani, na mwaka 2009 Klabu ya Paris, kundi la nchi zinazokopesha, ikaisamehe asilimia 45 ya deni ililoidai. Kumbuka kwamba nchi hiyo ilikuwa na utalii na jodari pia. Sekta mbili hazikuiokoa.

Ndiyo maana sihesabu sekta. Naangalia ni pigo gani linaweza kuziangusha zote kwa pamoja. Grenada, nchi ya visiwa vya Karibiani, iliuza kungumanga na kupokea watalii. Septemba 2004 kimbunga Ivan kikang'oa mikungumanga na kuezua hoteli siku ileile, kwa hasara iliyokaribia mara mbili ya pato la taifa. Mkungumanga mpya huchukua miaka kadhaa kuzaa. Wadai hawangoji kiasi hicho. Grenada ililazimika kujadiliana nao upya zaidi ya mara moja, na makubaliano ya 2015 yakawekewa kifungu kinachoiruhusu kuahirisha malipo ikipigwa na kimbunga.

Samaki na utalii navyo hutegemea mafuta ya kuagiza na bahari ileile. Sisemi mradi uachwe. Nasema usijengwe kwa mkopo wa miaka mitano. Mikopo ya IDA, mfuko wa mikopo nafuu wa Benki ya Dunia, kwa visiwa vidogo imewahi kutolewa kwa miaka 40, huku 10 ya mwanzo mkopaji akilipa ada tu bila kugusa mkopo wenyewe. Kiwanda kiachiwe mwekezaji abebe hasara na faida yake. Serikali ibaki na bandari. Na mkataba wowote utakaosainiwa uwe na kifungu cha maafa kama cha Grenada. Wabunge wenu wasisitize kukiona kabla ya kura.