Maswali ya Wasomaji: Mzigo mmoja, madaftari manne

SWALI: Chama chetu cha msingi kinapeleka kahawa ya maganda kiwandani, kisha inapita kwa msafirishaji na wakala wa forodha hadi Ulaya. Kila mmoja ana Excel yake, tunatumiana picha WhatsApp. Sasa mnunuzi anadai asili ya kila gunia, na kuna mtu anatuuzia mfumo wa blokucheni, yaani daftari la kidijitali la pamoja lisilofutika. Tununue?
Katibu, Moshi

JIBU: Msinunue bado. Mzigo wenu una majina manne: chama kinaandika jina la kituo, kiwanda namba ya kundi, dereva namba ya gari, wakala namba ya kontena. Msipoafikiana hapo, hakuna programu itakayowaunganisha.

Anzeni na namba za GS1, shirika la kimataifa la namba za utambulisho wa bidhaa: tarakimu 13 kwa kila ghala au kiwanda, 18 kwa kila shehena. Kisha kila mmoja aandike matukio kwa kiwango cha EPCIS, mpangilio wa GS1 wa kurekodi safari ya mzigo: kitu gani, wapi, lini, kwa sababu gani. Kumbukumbu zibaki kwa mwenyewe. Mwenzake aone tu matukio ya shehena inayomhusu. Bei zenu dereva hana haja nazo.

Asili hupotea zaidi kiwandani, makundi yanapochanganywa. Tukio la kukoboa litaje namba zote zilizoingia, mpya zilizotoka, na kilo. Kahawa ya maganda ikikobolewa hubaki takriban asilimia 80 ya uzito. Kilo 1,000 zikitoa 950, ulizeni haraka: huenda kahawa ya wengine imeingia humo.

Angalieni pia nukta za mashamba, yaani latitudo na longitudo zake kwenye ramani. Sheria ya Umoja wa Ulaya 2023/1115, ya kuzuia mazao yanayotokana na ukataji misitu, inataka angalau desimali sita. Shamba linalozidi hekta 4 huchorwa mipaka, dogo hutosha nukta moja. Moshi ipo karibu na -3.3, 37.3. Alama ya kutoa ikidondoka, shamba linahamia North Horr, Kenya. Namba zikipishana, linaangukia jimbo la Granada, Hispania. Na hupishana kirahisi, maana faili za ramani za GeoJSON hutanguliza longitudo, simu nyingi latitudo.

Blokucheni huzuia kufuta kilichoandikwa, haihakiki ukweli wake. TradeLens, mfumo wa taarifa za mizigo wa kampuni ya meli ya Maersk na kampuni ya kompyuta ya IBM, ilianza 2018 ikiwa na teknolojia hiyo. Novemba 2022 wenyewe wakatangaza kuifunga, kwa kuwa sekta nzima haikuungana nayo.

Jaribuni kwanza na shehena moja hadi bandarini. Na muandikiane mapema nani anasahihisha kosa: tukio la zamani halifutwi, huandikwa jipya linalolibatilisha, likiwa na sababu.