Rejeta ya oili kwenye Forester ya tabo: nilifunga mara mbili, ya pili ndiyo iliyokaa

Mkuu, umeuliza kama ufunge rejeta ya oili, yaani rejeta ndogo ya kupoza oili ya injini, kwenye Subaru Forester yako ya tabo ya mwaka 2000. Umesema ukipanda mlima Kitonga na familia na mizigo geji ya joto la oili inagusa nyuzi 130, na ukisimama Ilula taa ya presha inapepesa. Mimi ninalo gari kama hilo hilo, bodi ya SF5 yenye injini ya EJ205, nipo nalo mwaka wa tisa sasa, na njia ya Dar hadi Iringa naipita kila baada ya miezi miwili hivi. Nimefunga rejeta ya oili mara mbili. Ya kwanza nusura iniulie injini. Kwa hiyo nitakujibu kwa urefu, uvumilie.

Jibu lenyewe: kwa matumizi yako, ndiyo, funga. Ila iwe na themostati, ule mlango unaofunguka oili ikishapata joto, na ikae mahali ambapo feni inaifikia. Bila hayo mawili bora uache hela yako mfukoni.

Kabla hujatoka kwenda Gerezani kutafuta vifaa, hakikisha hiyo 130 ni ya kweli. Sensa za bei nafuu zinadanganya sana. Ichomoe, iache imeunganishwa na geji, uichovye kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Kwa Dar inatakiwa isome 100. Ukifanya hivyo Iringa usishangae ikisoma 95, kule juu maji huchemka mapema. Yangu ya kwanza ilisoma 109 kwenye maji ya Dar. Nilikuwa nimepoteza usingizi wiki nzima kwa nyuzi tisa ambazo hazikuwepo.

Jambo la pili, chungulia rejeta ya maji. Injini hii kwa kawaida ina kipozeo kidogo cha kiwandani kati ya bloku na filta ya oili, kinachopitisha maji ya rejeta kupoza oili. Maana yake maji yakiwa na joto kupita kiasi, oili nayo inafuata. Mimi nilikuta feni moja kati ya mbili imekufa kimya kimya, na mapezi ya rejeta yamejaa tope lililokauka. Niliosha kwa maji ya taratibu kutoka upande wa injini, nikabadilisha mota ya feni, na joto la oili pale Kitonga likashuka nyuzi saba kabla sijanunua hata oringi moja. Na kama fundi ameshauri hicho kipozeo cha kiwandani kitolewe "ili kupunguza mambo", mkatalie. Asubuhi ndicho kinachoisaidia oili ipate joto haraka.

Sasa kwa nini Kitonga hasa? Kwa sababu pale mambo yote mabaya yanakutana. Umebanwa nyuma ya malori, spidi ni 20 au 30, hewa ya kujisukuma yenyewe kwenye grili hakuna, lakini mguu umekandamiza na tabo, inayosukuma hewa ya ziada kwenye injini, inafanya kazi mfululizo. Kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi, tabo inalazimika kuzunguka zaidi kutoa presha ile ile, na hewa hiyo nyepesi inabeba joto kidogo kuliko ya bondeni. Shafti ya tabo inaelea kwenye oili. Oili inatoka pale imechemka, inaangukia kwenye sampo, karai la oili chini ya injini, pampu inaivuta tena. Ikifika 130 inakuwa nyepesi mno, na zinazoumia ni beringi za konrodi. Kila anayezifahamu injini hizi za EJ anajua mlio wa konrodi iliyonoki, yaani inayogonga kwa kuisha beringi, na anajua bili inayofuata.

Mara ya kwanza nilifunga hivi. Nilinunua ile sahani inayokaa juu ya filta, yenye matundu mawili ya hozi, ya bei ndogo, haina themostati. Rejeta yenyewe fundi akaiweka nyuma ya bampa, kona ya kushoto, kwa sababu palikuwa na nafasi. Hozi tukatengenezewa kwenye duka la hozi za haidroliki. Nilifurahi kwa siku tatu.

Kisha nikaanza kusoma geji kwa makini. Barabara kuu, Chalinze kwenda Morogoro, oili ilikuwa 68. Julai, asubuhi ya Mafinga, ilikaa 55 na haikupanda kwa nusu saa nzima. Nikifungua kifuniko cha oili nakuta ute wa rangi ya maziwa. Hiyo ni unyevu ambao haukupata joto la kuukausha, maana kila injini ikiwaka maji kidogo huingia kwenye oili, na yanatoka kama mvuke oili ikikaribia 100. Isipofika huko mara kwa mara, unaendesha na uji. Halafu pale Kitonga penyewe, nilipotaka rejeta hiyo inisaidie? Ilifika 124! Kona ya bampa haina feni, na kwa spidi ya 25 hewa haiendi kule. Yaani mfumo ulipoza pale nisipohitaji, ukaniacha pale nilipouhitaji.

Hilo peke yake lingetosha kunifanya niufumue, lakini hozi ndizo zilizonimaliza. Bonde la mibuyu, baada ya Mikumi, mchana, niliona moshi wa bluu kwenye kioo cha nyuma na nikanusa oili inayoungua. Nilizima injini gari likiwa bado linatembea, nikalisogeza pembeni, usukani mzito, watoto wawili nyuma. Hozi ilikuwa imekakamaa na kupasuka karibu na kichwa chake, oili inadondokea kwenye ekzosi. Pampu ya oili inaweza kumwaga sampo nzima kwa chini ya dakika moja, na oili juu ya ekzosi ya gari la tabo ni moto unaosubiri. Nilimshukuru Mungu pale kando ya barabara, na bado namshukuru.

Kosa lilikuwa letu, mimi na fundi. Hozi nyingi za kawaida za haidroliki zimetengenezwa kubeba presha kubwa mno, kuliko injini itakavyowahi kutoa, lakini upande wa joto nyingi zimeandikwa mwisho nyuzi 100. Sisi tulitazama presha tu. Ukienda dukani uliza joto kwanza, soma maandishi yaliyo kwenye hozi yenyewe, na usichukue chini ya 150. Upana wa ndani uwe milimita 14 hivi, ile wanayoiita namba 10. Nyembamba zaidi ya hapo inakula presha.

Mara ya pili nilianza na sahani yenye themostati ndani. Yangu inaanza kufungua kwenye nyuzi 80. Chini ya hapo oili nyingi inazunguka ndani ya sahani na kurudi kwenye injini, ila kidogo inaruhusiwa kupita kwenye rejeta ili injini isije ikashtuliwa na oili baridi mlango ukifunguka. Meno ya skrubu ya filta ya Subaru ni M20 kwa 1.5, hakikisha boliti ya katikati ni hiyo, maana sahani nyingi zinakuja na boliti za magari mengine na muuzaji atakuambia zinaingia zote. Safisha uso inapokaa oringi mpaka ung'ae, na angalia mpira wa filta ya zamani haujabaki umenata pale. Mipira miwili ikikaa pamoja itamwaga oili tu. Kaza kwa kiasi, ile ni aluminiamu. Endesha siku mbili tatu, kisha rudi uikague, kwa sababu hozi zikivutwa na mtikisiko wa injini zinaweza kuizungusha sahani na kuilegeza. Ndiyo maana hozi ziwe na ulegevu kidogo, injini inacheza kwenye mauntingi zake.

Jambo ambalo sikulitegemea: sahani ikiongezwa chini ya kipozeo cha kiwandani, filta inashuka chini, na kwenye EJ filta iko chini kabisa, imezungukwa na mabomba ya ekzosi. Nililazimika kutumia filta fupi zaidi na kupanua tundu kwenye kinga ya chini ya injini. Kama gari lako limeshushwa, lipime kwanza kwenye matuta ya mtaani kwenu.

Rejeta ya oili niliiweka mbele ya kondensa ya AC, ile inayofanana na rejeta, moja kwa moja mbele ya feni. Wapo watakaokuambia hapo inapeleka joto kwenye rejeta ya maji. Ni kweli, kidogo. Lakini wewe tatizo lako ni mlima wa spidi ndogo, na kwenye spidi ndogo hewa pekee uliyonayo ni ile inayovutwa na feni. Kwa mtu wa mashindano ya mwendo kasi ningeshauri vingine. Vichwa vya hozi vitazame juu au pembeni, visitazame chini, hewa isijifungie ndani. Mabano yawe na mipira, isigusane chuma kwa chuma. Kila hozi inapopita karibu na bodi au ekzosi niliivalisha soksi ya kuzuia joto.

Naomba sana unisikilize kwenye hili: usinunue rejeta ya oili ya mtumba. Najua zipo, zinatolewa kwenye nusu gari, yale magari yaliyokatwa nusu na kuuzwa kama vipuri, zinaonekana safi na bei inavutia. Hujui injini iliyokuwa nayo ilikufaje. Kama ilinoki, chembe za chuma zimejificha kwenye vijia vyembamba vya ndani, na kuosha kwa petroli hakuzitoi zote. Oili inayotoka kwenye rejeta inarudi kwenye injini yako, na kwenye baadhi ya sahani inarudi moja kwa moja bila kupita filta tena. Mtu ninayemfahamu alifunga injini nyingine baada ya ya kwanza kunoki, akaacha rejeta ile ile ya oili. Ya pili haikumaliza mwezi. Injini ikinoki, rejeta na hozi zinatupwa nayo.

Siku ya kuwasha, jaza oili kwenye rejeta na hozi kabla ya kuzifunga. Kisha chomoa plagi ya sensa ya krenki, ili injini izunguke bila kuwaka, na upige stata vipande vya sekunde kumi kumi mpaka taa ya presha izime. Hapo ndipo urudishe sensa na uwashe. Acha ipate joto mpaka themostati ifunguke, ushike rejeta ya oili kwa tahadhari uone kama nayo imepata joto, zima, subiri dakika kumi, pima kwa kijiti. Yangu iliongeza karibu lita moja juu ya kiwango cha kawaida.

Matokeo: Dar kwenye foleni inakaa 92 hadi 96. Barabara kuu 88. Mafinga asubuhi inafika 80 ndani ya dakika kumi na tano, na ute wa maziwa haujarudi tena. Kitonga, AC imewashwa, watu watano na magunia mawili ya viazi, juu kabisa nilisoma 111. Ukiona yako inapita 115 bado, zima AC na upunguze mguu, hata malori yakikupita.

Kitu kimoja kwenye sevisi. Ukifungua nati ya sampo, oili iliyo kwenye rejeta na hozi haitoki, inabaki na kuchanganyika na mpya. Nilikuwa nabadilisha kila kilomita 5,000, sasa nabadilisha kila 4,000, na kila mara ya tatu nafungua hozi ya chini na kuimwaga yote kwenye beseni. Hiyo oili ya kwenye hozi huwa naipitisha kwenye kitambaa cheupe juani, kutafuta kama kuna kinachong'aa.