Kinu cha nyuklia pwani: utando ndio wa kulindwa kwanza

Tangu Uyombo kule Kilifi itajwe kwenye mipango ya nyuklia ya Kenya, wasomaji wananiuliza: bahari iko mlangoni, ya nini kuhangaika kutoa chumvi?

Kinu hutumia maji ya namna mbili. Ya kupoza kondensa, chombo kinachorudisha mvuke kuwa maji, huvutwa baharini na kurudishwa huko huko, chumvi yake ndani. Yale yanayogeuka mvuke wa kuendesha mtambo wa umeme hayataki chumvi kabisa, kwani kloraidi ikijikusanya kwenye jenereta ya mvuke, mirija hupata nyufa. Kinu cha Diablo Canyon cha California huyachuja kwa osmosisi kinyume, yaani kuyasukuma kwa presha kupitia utando unaozuia chumvi; cha Kudankulam, India, huyavukiza.

Ukichagua utando, usianze kupigia mahesabu pampu kubwa. Ndiyo, utahitaji presha ya baa 55 hadi 70, na maji safi yatakuwa asilimia 40 hivi ya uliyovuta. Lakini mitambo hii hufia kwenye usafishaji wa awali, yaani kuyasafisha maji kabla hayajafika kwenye utando, na hapo ndipo watu hubana matumizi. Wasibane!

Klorini hutiwa kwenye mdomo wa bomba la bahari ili kome wasiote ndani. Klorini hiyo hiyo huula utando wa poliamidi, na ukishaliwa haurudi. Iue kwa sodiamu metabaisalfaiti: kemia inasema miligramu 1.34 kwa kila miligramu ya klorini, kazini tia 3. Ukimwaga ovyo, oksijeni inakwisha na bakteria wa utelezi wanastawi.

Kisha pima SDI kila zamu, namba inayoonyesha maji yana uchafu kiasi gani wa kuziba utando. Pitisha mililita 500 kwenye karatasi ya kuchuja yenye matundu ya mikromita 0.45, presha baa 2.1, shika saa. Acha maji yaendelee kupita, rudia dakika ya 15. Kama mara ya kwanza zilipita sekunde 30 na ya pili 54, umefika SDI 3, mpaka wako. Za mara ya pili zikiwa 80, simamisha, kakague vichujio vya mchanga.

Maji yaliyotoka bado yana miligramu mia kadhaa za chumvi kwa lita. Yapandishe pH kwa magadi makali, yapitishe kwenye utando wa pili, halafu kwenye resini mchanganyiko, punje zinazonasa chumvi iliyobaki, hadi upitishaji umeme ushuke chini ya mikrosimensi 0.1 kwa sentimita. Soma kipimo ndani ya bomba, si kwenye chupa: yakigusa hewa hunyonya kaboni dioksidi, na namba hupanda ilhali mtambo hauna kosa.